Maabara na Mgonjwa wa Sumu

Wengi wetu tumeshapimwa damu. Unafika zahanati, unachomwa kidole, tone moja la damu linawekwa kwenye kipimo, na baada ya dakika chache unaambiwa una malaria au huna. Hiyo ni kazi ya maabara, hata kama imefanyika juu ya meza ndogo karibu na dirisha. Lakini je, mtu akinywa dawa ya wadudu? Akila ugali wa mahindi yaliyoota ukungu? Akiumwa na nyoka? Hapo maabara inaweza kutuambia nini, na nini haiwezi kutuambia? Hilo ndilo somo letu.

Tumelichagua kwa sababu. Vijijini kwetu mtu akiugua ghafla baada ya kula, neno la kwanza kusikika ni "kawekewa sumu", au "karogwa". Jirani ananyoshewa kidole. Mke aliyepika anatazamwa vibaya na mashemeji. Huku mgonjwa mwenyewe yupo kitandani, saa zinakwenda, sufuria imeshaoshwa na matapishi yamefukiwa. Kesho yake hakuna tena cha kupima, limebaki neno la watu tu.

Mkulima na bomba la dawa

Tuchukue mfano. Mkulima wa pamba ameshinda shambani akipulizia dawa ya wadudu. Bomba lake linavuja mgongoni, shati limelowa. Hana kitambaa mdomoni. Jioni anarudi nyumbani kichwa kinamwuma, anatapika, jasho linamtoka. Mkewe anasema ni malaria. Anampa vidonge vilivyobaki siku zile mtoto alipougua. Usiku mgonjwa anazidiwa, anapakiwa kwenye baiskeli mpaka zahanati.

Mganga wa zahanati anamwangalia. Anaona mate yanatoka mdomoni mfululizo, machozi yanatiririka, misuli ya mikono inachezacheza yenyewe. Anamulika tochi machoni: mboni ni ndogo kama ncha ya sindano. Halafu anamgeukia mke:

"Mama, mzee alikuwa na kazi gani leo?"

"Alikuwa shamba tu, daktari. Homa imemshika."

"Shamba alikuwa anapalilia au anapulizia dawa?"

"Alipulizia, ndiyo. Tangu asubuhi."

"Chupa ya dawa iko wapi?"

"Iko nyumbani. Lakini dawa yenyewe alipimiwa dukani kwenye chupa ya soda. Haina karatasi."

Tuyatazame vizuri mazungumzo hayo. Kipimo cha malaria kikifanyika hapo, kinaweza kuonyesha hana vimelea, na hiyo peke yake ni msaada, kwani mganga anaacha kufuata njia isiyo yake. Kinaweza pia kuonyesha vimelea vipo, maana katika sehemu zenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vimelea na sumu kwa pamoja. Mganga asiyeuliza habari za shamba angeridhika na malaria, na mgonjwa angekufa kwa sumu. Kwa hiyo maswali yale kwa mke ni sehemu ya kipimo, sawasawa na tone la damu.

Mgonjwa hasubiri majibu

Katika mwili wetu mna kitu kinachoitwa kolinesterasi. Kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva baada ya ujumbe huo kufika kwenye misuli na kwenye tezi za mate, jasho na machozi. Mfikirie mtu anayefunga bomba la maji ndoo ikishajaa. Baadhi ya dawa za wadudu, zile za aina ya oganofosifati na kabamati, zinamfunga mikono mtu huyo. Bomba linabaki wazi. Ndiyo maana mate, jasho na machozi yanamwagika, mapafu yanajaa majimaji, na mwisho misuli ya kupumulia inachoka.

Hospitali yenye maabara kubwa inaweza kupima kolinesterasi katika damu. Ikiwa imeshuka sana, daktari anajua kwa hakika zaidi ni sumu ya aina gani, na akirudia kipimo siku zinazofuata anaona kama mwili unapata nafuu. Lakini kiwango cha kolinesterasi hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa sababu hiyo watu ambao kazi yao ni kupulizia dawa msimu mzima wangepaswa kupimwa kabla msimu haujaanza, ili pawe na kitu cha kulinganisha. Mashamba makubwa yanaweza kufanya hivyo. Mkulima wa ekari mbili, ni nani atampima? Bado hatujaona jambo hilo likifanyika vijijini, na tunaona lingefaa lizungumzwe.

Hata hivyo mgonjwa yule wa usiku hasubiri majibu ya kolinesterasi. Dawa yake ni atropini, na mganga akiona mate, mboni ndogo na misuli inayochezacheza, anaanza kumchoma atropini na kumsaidia kupumua. Wapo ndugu wanaolalamika: "Wamemdunga sindano hata majibu hayajatoka!" Jamani, hapo daktari yupo sahihi. Kwa sumu kali matibabu huanza kwa macho na masikio ya mganga, majibu ya maabara yanafuata.

Vipimo vidogo vyenye faida kubwa

Watu wengi hudhani maabara isiyo na mashine kubwa haina msaada. Sivyo. Vipo vipimo vya bei ndogo ambavyo vimeokoa watu wengi.

Kipo cha sukari katika damu. Mgonjwa aliyepoteza fahamu anaweza kuwa ameishiwa sukari. Mtoto aliyekunywa pombe ya wakubwa hupata hali hiyo, na hata mtu aliyemeza vidonge vya kisukari visivyo vyake. Tone la damu, dakika moja, jibu limetoka, na sukari anaongezewa pale pale.

Kipo cha mtu aliyeumwa na nyoka. Hiki kinatufurahisha sana kwa sababu hakihitaji hata umeme. Mganga anachota damu kidogo, kiasi cha mililita 2, anaitia kwenye kichupa cha kioo kilicho safi na kikavu. Anakiacha kimetulia kwa dakika 20. Halafu anakiinamisha mara moja. Damu ya mtu mzima wa afya itakuwa imeganda, haitamwagika. Ikiwa bado ni maji maji, basi sumu ya nyoka imeharibu nguvu ya damu kuganda, na mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani ya mwili hata kama kidonda chake ni kidogo kama mwiba. Huyo anahitaji dawa ya kupinga sumu ya nyoka. Kichupa lazima kiwe cha kioo. Kikiwa cha plastiki, damu inaweza kuchelewa kuganda na jibu likadanganya. Tena wako nyoka ambao sumu yao haigusi damu, bali inalegeza misuli, macho yanafumba yenyewe na pumzi inakatika. Kwa hao kipimo hiki kitakuwa kizuri kabisa, na mgonjwa bado yuko hatarini. Kwa hiyo mganga anatazama damu, na mgonjwa pia anamtazama.

Kingine ni cha dawa ya kuua magugu iitwayo parakwati. Mtu akiinywa, hata kidogo, inaharibu figo na mapafu. Mpimaji anachukua mkojo wa mgonjwa, anatia dawa mbili za maabara, na mkojo unageuka buluu kama parakwati imo. Kadiri buluu inavyokolea ndivyo hatari ilivyo kubwa. Rangi tu, kama tunavyoona rangi ya chai.

Ng'ombe aliyepotea

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Hakuna mashine ambayo unaitilia damu, halafu inakutajia majina ya sumu zote duniani. Kila sumu ina kipimo chake. Kipimo cha parakwati hakioni zebaki. Kipimo cha zebaki hakioni sumu ya uyoga. Mpimaji asiyeambiwa anatafuta nini ni kama kijana aliyetumwa kumtafuta ng'ombe aliyepotea bila kuambiwa rangi yake, pembe zake wala alama yake. Atazunguka pori zima, damu kidogo aliyopewa itakwisha, na jibu hatapata.

Ndiyo maana tunasema chupa ya dawa ina thamani kuliko maelezo marefu. Ile karatasi ya chupa ina jina la dawa, na jina hilo ndilo rangi na alama ya ng'ombe. Tabia ya kupimiana dawa za shamba kwenye chupa za soda inatupa hasara mara mbili: mtoto anadhani ni soda anakunywa, na akishakunywa hakuna anayeweza kumwambia daktari amekunywa nini.

Jambo hili lina upande wa pili. Majibu yakirudi yamesema "haikuonekana sumu", maana yake si lazima kwamba sumu haikuwepo. Huenda damu ilichukuliwa siku 3 baadaye, sumu imeshatoka mwilini. Huenda ilitafutwa sumu moja na iliyokuwemo ni nyingine. Majibu ya maabara lazima asomewe mtu na daktari anayejua habari nzima ya mgonjwa. Kuyasoma njiani na kuyatangaza kilabuni si vizuri.

Muda nao una uzito wake. Chukua panadol, ambayo kila nyumba inayo. Mtu akimeza vidonge vingi mno, siku ya kwanza anaweza kuonekana hana shida. Anakula, anaongea. Ini linaanza kufa polepole, na siku ya pili au ya tatu ndipo manjano na maumivu yanatokea. Maabara yenye uwezo hupima dawa hiyo katika damu, lakini kipimo kinaeleweka tu kuanzia muda wa saa 4 kupita tangu kumeza, na dawa ya kuponya inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla ya muda wa saa 8 kupita. Hapa hatusemi saa nne ya asubuhi. Tunasema urefu wa muda. Kwa hiyo anayempeleka mgonjwa ajue alimeza lini. Aandike kwenye kipande cha karatasi. Kusoma na kuandika tumejifunza kwa ajili ya siku kama hiyo.

Mahindi ya Makueni na Kitui

Mwaka 2004 watu wa Makueni na Kitui, nchini Kenya, walianza kuugua manjano na kufa. Ugonjwa ulienea mpaka sehemu za jirani. Watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Fikiria hofu iliyokuwepo. Watu wa nyumba moja wanaugua pamoja, macho ya manjano, matumbo yamevimba. Ni ugonjwa wa kuambukiza? Ni mkono wa mtu?

Wataalamu walitafuta kwanza magonjwa ya ini ya kuambukiza. Hayakuwa hayo. Kisha walikumbuka kwamba mwaka 1981 huko huko upande wa Machakos watu 20 waliugua namna hiyo na 12 wakafa, na chanzo kilikuwa mahindi. Basi mahindi ya majumbani yakapelekwa maabara, na damu za watu zikapimwa pia. Ikaonekana sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu.

Hapa tufanye hesabu kidogo. Kilo moja ina gramu 1,000. Gramu moja ina miligramu 1,000. Kiwango cha aflatoksini kilichoruhusiwa Kenya wakati ule kilikuwa sehemu 20 katika sehemu bilioni moja. Katika gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu 2 tu. Mahindi mengine ya Makueni na Kitui yalipopimwa yalikuwa na sehemu 4,400. Katika gunia hilo hilo ni miligramu 440, yaani mara 220 ya kiwango. Kidonge kimoja cha panadol kina dawa miligramu 500. Kwa hiyo sumu iliyowaua watu wale, ukiikusanya kutoka gunia zima, haifikii hata uzito wa dawa iliyo katika kidonge kimoja. Jicho haliwezi kuiona. Ulimi hauwezi kuionja. Na kuipika ugali hakuiondoi. Ni maabara tu iliyoweza kuitaja.

Kwetu Tanzania haikuwa mbali. Mwaka 2016 watu zaidi ya 60 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua manjano, kutapika na matumbo kujaa maji, na karibu 20 walifariki. Hapo pia damu na mahindi vilipimwa, na aflatoksini ikaonekana. Siku hizi kiwango kinachoruhusiwa katika nchi za Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika bilioni, yaani miligramu 1 katika gunia la kilo 100.

Tufikirie: kama mahindi yale yangetupwa yote kwa hofu kabla ya kupimwa, mpaka leo pangekuwa na watu wanaoitwa wachawi.

Sumu za polepole

Sumu nyingine haziui kwa siku moja. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama walio upande wa Geita, hutumia zebaki kukamata dhahabu, kisha wanaichoma zebaki ipae. Moshi ule unaingia mapafuni. Baada ya muda mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anakuwa mkali bila sababu. Nyumbani wanasema kabadilika tabia. Kipimo cha mkojo ndicho kinachoweza kuonyesha zebaki.

Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa kwa degedege. Watu walidhani ni malaria. Damu za watoto zilipopimwa zikakutwa na madini ya risasi, yale yale ya kutengenezea risasi za bunduki. Mawe ya dhahabu ya sehemu hiyo yalikuwa na risasi nyingi, na yalisagwa karibu na nyumba, watoto wakicheza kwenye vumbi. Tunawataja kwa sababu wachimbaji wetu nao huja nyumbani na nguo zenye vumbi.

Kazi ya Mkemia Mkuu

Maabara ya hospitali inamhudumia mgonjwa aliye hai ili atibiwe. Mtu akifa na pakawa na mashaka, kazi inakuwa nyingine. Daktari anauchunguza mwili, anachukua vipande vinavyotakiwa, na polisi wanavipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali vikiwa vimefungwa, vimetiwa lakiri na kuandikwa nani kamkabidhi nani. Utaratibu huo unachosha, tunakubali. Lakini bila huo mtu yeyote angeweza kutia kitu chake njiani, na mwingine akafungwa kwa kosa lisilo lake.

Tena Mkemia anaweza kusema sumu gani ilikuwemo. Nani aliiweka, au kama marehemu aliinywa mwenyewe, au kama ilimwagika unga ulipowekwa stoo moja na dawa za shamba, hayo Mkemia hayaoni kwenye kichupa. Hayo ni ya uchunguzi na ya mahakama. Mganga wa kienyeji akisema ameiona sura ya mwuaji kwenye maji ya beseni, amesema jambo ambalo hata maabara ya Serikali haidai kuliweza.

Wako pia ndugu wanaoficha. Kijana amekunywa dawa kwa hasira au kwa huzuni, wao wanamwambia mganga ana malaria, kwa kuogopa polisi na aibu. Tunawaelewa. Lakini ukificha jina la sumu umemnyima dawa. Mwambieni mganga ukweli, hata kwa kumnong'oneza pembeni.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Aliyemwagikiwa dawa ya wadudu avuliwe nguo na aoshwe kwa sabuni na maji mengi. Anayemwosha avae mifuko ya plastiki mikononi, kwani sumu hiyo hupita kwenye ngozi. Msimlazimishe mgonjwa kutapika, hasa aliyekunywa mafuta ya taa. Yakipanda yanaingia mapafuni na kumwua. Maziwa ambayo wazee wetu walitufundisha kumpa si dawa ya sumu hizi, na mgonjwa aliyelegea anaweza kupaliwa nayo.

Chupa au pakiti ya dawa ichukuliwe, iwekwe katika mfuko wa peke yake. Chakula kilichobaki kiwekwe kwenye chombo safi chenye kifuniko. Sufuria isioshwe kwanza. Vidonge vilivyobaki navyo viende, na dawa za miti shamba pia kama alikunywa, bila kuona haya. Nyoka asifukuzwe porini. Wengi wameumwa mara ya pili kwa njia hiyo. Kama kuna simu, mpigieni mganga kabla hamjaanza safari, ili aseme kama zahanati ina dawa au mwende moja kwa moja kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini mganga alimwuliza mke habari za shamba kabla ya kuamua ni ugonjwa gani?

2. Gunia la kilo 50 likiwa na aflatoksini sehemu 10 katika bilioni, sumu yote ni miligramu ngapi?

3. Katika kijiji chenu dawa za shamba zinauzwa katika chombo gani, na zinawekwa wapi nyumbani? Mwalikeni bwana shamba na mganga wa zahanati mzungumze nao.

4. Zahanati yenu ina vipimo gani kati ya vilivyotajwa humu? Ulizeni, na mwandike majibu ili yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.